Bonareri na Ukurasa Uliosema Karibu

Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Kosele, kando ya barabara. Ukiona mabati yameegemezwa nje na mtu analalamika karibu nayo, huyo ni mimi, Abdurahman. Ubavuni mwa duka nina vyumba viwili vidogo vilivyotenganishwa kwa ukuta wa mbao, na nimevipangisha. Kimoja ni cha Obare, fundi cherehani, ambaye nilimkuta hapa nilipohamia. Cha pili ni cha Bonareri. Watu wa hapa humwita "yule wa kompyuta" na kuishia hapo, jambo ambalo huniudhi, kwa hiyo nitawaeleza mimi.

Bonareri alifika Kosele miaka tisa iliyopita na shangazi yake, juu ya lori la ndizi kutoka Kisii. Shangazi aliuza mikungu yake akarudi. Ya Bonareri haikuisha, na mvua ikamkuta sokoni hajui aende wapi. Akapiga hodi kwenye kibaraza cha kwanza alichokiona. Obare hakumuuliza ni mtoto wa nani wala anataka nini. Alisema karibu, akasogeza vitambaa, akampa nusu ya benchi. Kesho yake Bonareri alimtengenezea simu iliyokuwa imezima wiki nzima, na hakuondoka tena. Alianza na kioo cha simu kilichopasuka na bisibisi tatu kwenye ncha ya meza ya Obare. Baadaye akajifunza kutengeneza kurasa za mtandao, peke yake, kwa masomo aliyokuwa akiyapakua kidogo kidogo. Leo wakulima wa Kehancha wana ukurasa alioutengeneza yeye, na kikundi cha akina mama wafuga kuku nacho kina wake.

Ana tabia moja ya kuchosha. Ukimwambia kitu kimeharibika, hasemi umekiharibu wewe. Anakuuliza ulifanya nini, pole pole, hatua kwa hatua, mpaka unaanza kujishuku mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa pili, kliniki moja ya macho ilitangaza kambi ya upasuaji wa mtoto wa jicho, bure, nafasi themanini. Walimwomba Bonareri atengeneze ukurasa wa kujiandikisha: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, jicho gani. Unajaza fomu, unabonyeza kitufe cha kutuma, unapewa namba yako ya foleni. Mtu akiwa na namba ataonwa, na asiye nayo atangoja kambi ya mwezi wa nane.

Obare aliihitaji namba hiyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka ule ule alikuwa amemshonea mwalimu mmoja suruali yenye mguu mmoja wa kijivu na mwingine wa kahawia, na mwalimu, kwa adabu yake, aliivaa siku moja. Mshono mrefu Obare aliweza kuufuata kwa vidole. Kilichomshinda ni tundu la sindano. Uzi ukikatika, alikaa mlangoni akisubiri mpita njia mwenye huruma. "Fundi asiyeweza kutia uzi aende tu nyumbani," aliniambia, na nilijua hatanii, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya kuuza cherehani.

Basi Jumatatu asubuhi linki ikatumwa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya hapa. Mimi nilimwandikisha mama mkwe wangu, Kultum, anayekaa Kehancha, kwa amri ya mke wangu Nasteha. Nilijaza, nikabonyeza, ukurasa ukanyamaza. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mara ya tatu, na ya nne kwa hasira, ndipo namba ikaja. Nikaona nimemaliza kazi, nikarudi kwenye misumari yangu.

Saa nane mchana Obare alipata mtu wa kumnunulia bando, akaniletea simu yake nimjazie. Nilifika mwisho wa fomu, ukurasa ukasema nafasi zimejaa. Nilimsomea mara mbili, maana mara ya kwanza aliomba nirudie.

Jioni muuguzi wa kliniki, anaitwa Liz, akampigia Bonareri. Majina yalikuwa yakijirudia kwenye orodha. Mama mkwe wangu peke yake alikuwa ameshika nafasi nne. Zile nafasi themanini zilikuwa na watu thelathini na mmoja tu ndani yake.

Bonareri, ambaye huniita kwa jina la mwanangu, alikuja dukani na daftari.

"Baba Suhail, hii fomu ya mama ulipress mara ngapi?"

"Mara moja."

Akafungua daftari, akashika kalamu.

"Mara nne," nikasema. "Ilikuwa imehang."

"Haikuwa imehang. Ilikuwa inaangalia."

Akanieleza. Ukibonyeza, fomu inasafiri hadi kwenye kompyuta kubwa ya mbali, na huko inakaguliwa: kama namba ya kitambulisho imetimia, kama mtu huyo hajaandikishwa tayari. Kwa mtandao wetu safari hiyo huchukua sekunde kumi, wakati mwingine ishirini. Wakati fomu ya kwanza bado inakaguliwa, ya pili inaingia, na kwa kuwa jina bado halijaandikwa popote, nayo inapita. Vivyo hivyo ya tatu na ya nne. Hakuna aliyeiba kitu. Ni vidole tu, na kosa la kukiacha kitufe wazi lilikuwa lake. Alilisema hivyo hivyo, bila kujitetea.

Alimpigia Liz, wakakubaliana. Wale thelathini na mmoja wabaki, kila mmoja na nafasi moja. Nafasi arobaini na tisa zitafunguliwa upya Jumapili saa nane mchana, na mpaka hapo Bonareri atakuwa ameurekebisha ukurasa.

"Basi muweke Obare sasa hivi," nikamwambia. "Jina moja tu. Nani atajua?"

"Baba Suhail, mimi ni Mkisii na yeye ni Mkisii, na hapa ni kwa Wajaluo. Nikiingiza Mkisii mmoja kwa mlango wa nyuma, kesho hakuna mtu ataamini hiyo list. Ataingia Jumapili kama watu wengine."

Sikupenda jibu hilo, lakini mimi pia ni mgeni hapa na nilielewa anachosema.

Marekebisho yake ya kwanza alinionyesha Jumatano. Ukishabonyeza, ukurasa wote ulifunikwa kwa rangi ya kijivu, kiduara kidogo kikawa kinazunguka katikati, na chini ya kifuniko kile hakuna kitu kilichokubali kuguswa. Nilibonyeza kwa dole gumba, nikabonyeza kwa vidole viwili. Haikuenda. Nikampongeza. Siku ya soko akaenda na ukurasa huo wa majaribio, pamoja na ule wa zamani, kwa wauza nyanya, akakaa juu ya kreti tangu asubuhi akitazama vidole vya watu. Alirudi amenyong'onyea. Karibu wote, wakishaona kijivu, walisema simu imekufa, wakafunga ukurasa wakaondoka. Mama mmoja alitoa betri kabisa.

"Lakini kuna kitu nimeona," akasema. "Ile fomu ya zamani, wanapress, wananyamaza kidogo. Wanapress, wananyamaza. Wanapress ya tatu, wanaweka simu chini wanaenda. Si haraka. Ni kama kuna mtu wanamngoja."

Na hapa, kwa mara moja katika maisha yangu, mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Nilimwambia hao wanapiga hodi. Sisi Waislamu tumefundishwa tangu utotoni: hodi tatu, ukikosa jibu rudi ulikotoka. Na hata asiye Mwislamu, hapa Kosele, hasimami mlangoni kwa mtu akapiga hodi moja na kungoja kimya. Anarudia mpaka asikie sauti ndani. Ukurasa wako ni nyumba isiyoitikia, nikamwambia. Na sasa umeifunika kwa blanketi la kijivu.

Alirudi chumbani kwake bila kuaga. Alipotoka kifuniko kilikuwa cheupe, na katikati yake herufi kubwa: KARIBU. TUMEKUSIKIA. TUNASOMA FOMU YAKO, USIONDOKE. Kama umekosea kitu, kifuniko kiliondoka na kukuonyesha mahali ulipokosea, na yote uliyoandika yakawa bado yapo. Aliwapelekea tena wauza nyanya. Hakuna aliyebonyeza mara mbili, hakuna aliyefunga. Yule mama wa betri aliisoma kwa sauti, akashika simu kwa mikono miwili akangoja. Nilitembea na kifua mbele siku mbili nzima.

Jumapili ikafika. Saa nane kamili nilikuwa kwenye kibaraza na simu ya Obare, fomu imeshajazwa. Nikabonyeza mara moja. Kifuniko kikaja, KARIBU, TUMEKUSIKIA. Wakati huo huo mteja wa mabati akafika na mkokoteni, mtu wa maneno mengi. Nikamwekea Obare simu mkononi.

"Imekukaribisha," nikamwambia. "Usiguse kitu mpaka ikujibu."

"Sitagusa," akasema.

Mteja yule alinimaliza. Alipopata mabati alitaka misumari, alipopata misumari akataka kupunguziwa. Alipoondoka akaja mwingine. Obare nilimsahau. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao Bonareri alikuwa akiitazama orodha ikijaa. Baadaye aliniambia alikuwa na furaha mchana ule. Mtu mmoja, namba moja, hakuna jina lililojirudia. Ilipofika karibu saa kumi nafasi ya themanini ilishikwa, akatoka nje kuja kutupa habari. Alimkuta Obare kwenye cherehani yake, mgongo umenyooka, simu imelala kwenye kiganja.

"Baba Mokaya, ulipata namba gani?"

"Bado," Obare akasema. "Nimekaribishwa. Nangojea."

Nilimwona Bonareri akiichukua ile simu. Maandishi yalikuwa palepale. Obare alikaa nayo kwa karibu saa mbili, na kila kioo kilipozima alikiwasha kwa kitufe cha pembeni, akaona kwa macho yake mabovu kwamba bado ni cheupe, akatulia tena. Haja yake alienda baadaye, alipoambiwa imekwisha. Hakutaka aitwe akiwa hayupo.

Kilichotokea Bonareri alikijua kabla hata hajakaa chini. Mtandao wa simu ya Obare ulikatika sekunde ile ile nilipobonyeza. Fomu haikufika popote. Kifuniko kilikuwa kimeagizwa kiondoke jibu likija, na jibu halikuja, na hakuna mahali alipokiambia la kufanya likikosekana. Aliwaza vidole vya watu wiki nzima, akasahau mtandao wa Kosele.

Nilimfuata chumbani kwake. Nilikuwa na hasira, nyingi yake ikiwa juu yangu mwenyewe, na nilimtwika yeye yote.

"Ongeza jina moja. Themanini na moja."

"Nimeshapigia Liz. Vifaa ni vya watu themanini."

"Basi toa mmoja."

"Nimtoe nani, Baba Suhail? Kila mtu hapa alibisha akafunguliwa. Niambie jina, nimtoe."

Sikuwa na jina. Ukweli ni kwamba nilifikiria la mama mkwe wangu. Nilimpigia hata Nasteha, nikaanza kuzunguka, na kabla sijafika kwenye hoja aliniambia kama nataka kuhamia dukani nimwambie aniletee godoro. Na kliniki isingekubali kubadilishana, kwa vyovyote.

Bonareri alitoka akaenda kusimama mbele ya Obare. Alimweleza yote, bila maneno ya kompyuta. Kwamba ukurasa ulimwambia umemsikia kabla haujamsikia. Kwamba kosa ni lake yeye Bonareri, si la mtandao wala la Baba Suhail.

Obare akasema, "Mimi niliambiwa nisiondoke, sikuondoka." Akaikunja nguo aliyokuwa akiishona na kuiweka pembeni. Afadhali angetutukana.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Bonareri chumbani kwa Obare kabla sijafungua makufuli yote. Cherehani ilikuwa imetiwa uzi. Juu ya kipande cha kitambaa alikuwa amechomeka sindano kumi na mbili za mkono, kila moja na uzi wake, nyeusi upande huu, nyeupe upande ule.

"Za mkono hizi hapa," alikuwa akimwambia. "Ya mashine ikikatika, gonga ukuta. Mara moja tu inatosha."

"Wewe una kazi yako, mwanangu."

"Gonga ukuta, Baba Mokaya. Na usiuze hiyo cherehani."

Siku ile ile aliurekebisha ukurasa, ingawa orodha ilikuwa imeshafungwa na hakuna aliyeuhitaji. Sasa jibu lisipokuja ndani ya sekunde thelathini, kifuniko kinaondoka chenyewe, na maneno yanasema: Samahani, hatujaipata fomu yako. Uliyoandika yapo. Bonyeza tena. Aliniketisha kwenye kiti chake, akazima mtandao kwa makusudi, akaniambia nitume. Tulifanya hivyo mara arobaini. Ya kumi niliuliza kama hajaridhika. Akazima mtandao tena.

Na Obare akagonga ukuta. Mwanzoni kwa haya, kwa kifundo cha kidole, mara moja kwa siku, huku akijaribu kwanza kulazimisha uzi mwenyewe mpaka anachoka. Kisha mara tatu, nne, na shule zilipokaribia kufunguliwa hata mara kumi, maana uzi wa bei ya chini hukatika ovyo. Kila mara Bonareri aliitikia kutoka upande wa pili, "Nimesikia, nakuja," na akaja. Aliacha wateja katikati ya sentensi. Siku moja alikuwa kwenye simu na wakulima wa Kehancha, akawaambia wangoje, akatoka mbio na kandambili moja. Mimi sina kazi nyingi saa za mchana, na roho yangu ni ya kuhesabu makosa ya watu, kwa hiyo nilimpima kwa saa yangu ya mkononi. Miezi sita, hakuwahi kuzidisha sekunde thelathini. Nilitamani sana nimkamate, hata mara moja.

Watu waliona mabadiliko kwake. Alikuwa mtu wa kufanya kazi haraka na kwenda, sasa alikuwa akiuliza kila mteja, "Na jibu lisipokuja, huyu mtu anafanya nini?" Kikundi cha wafuga kuku kilichoka na swali hilo, mwenyekiti wao akaja kunilalamikia mimi, kana kwamba mimi ndiye mzazi wake. Nilimwambia ajibu swali.

Mwezi wa nane linki ikatoka tena. Obare hakutaka nimjazie. Alimwomba Bonareri amsomee tu, na kitufe akakibonyeza mwenyewe, kidole kikitafuta pole pole mpaka Bonareri aliposema hapo. Kifuniko kikaja. Karibu, tumekusikia. Mtandao wetu haukutuangusha katika tabia yake: sekunde zikapita, kiduara kikazunguka, mimi nikitazama saa yangu, Bonareri akitazama miguu yake. Kwenye thelathini kifuniko kikaondoka kikaomba radhi. Obare akabonyeza tena, mara moja, akaondoa mkono. Alipata namba kumi na moja.

Walimfanyia jicho la kulia, la kushoto likapangiwa baadaye. Siku kadhaa alikaa nyumbani kwake na dawa za matone, na ukuta ule ukawa kimya. Bonareri alikuwa akiinua kichwa kila nilipodondosha kitu dukani.

Aliporudi kazini ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa nikitoa mabati nje. Alinisalimia, akasema nimezeeka, akaingia. Haikupita muda nikasikia ukuta umegongwa mara moja.

"Nimesikia, nakuja."

Bonareri alitoka kama kawaida yake, akamwacha mteja na simu iliyofunguliwa mgongo. Alipofika mlangoni kwa Obare tayari alikuwa amelowesha ncha za vidole ili aushike uzi. Obare alikuwa ameketi kwenye cherehani, mikono juu ya mapaja.

"Imekatika wapi?" Bonareri akauliza.

"Haijakatika. Nilitaka tu uje uone."

Bonareri akainama. Uzi mweusi ulikuwa umepita kwenye tundu na kutokea upande wa pili. Aliugusa, akauvuta kidogo kama mtu asiyeamini, kisha akakaa kwenye benchi, ile nusu aliyopewa siku ya mvua, akalia. Obare alimwacha alie, akaweka kitambaa chini ya sindano, akaanza kushona.